Kaseti ya Pili Ilibaki Kabambare

Harufu ya petroli ikinifikia mahali popote, hata kwenye kituo cha mafuta cha mji wenye taa nyingi, miguu yangu hutafuta benchi la kukalia. Wengine harufu hiyo huwakumbusha safari. Mimi hunikumbusha sinema. Katika Kasongo ya utoto wangu, mji mdogo wa Maniema, petroli ndiyo iliyotangulia filamu: iliungua ndani ya jenereta ndogo nyuma ya nyumba ya Amuri, ikaingia ukumbini kupitia dirisha lililozibwa kwa magunia ya mchele, ikakutana humo na joto la watu, na mawese yaliyoganda kwenye nguo, na udongo wa matofali mabichi ambayo kila msimu wa mvua yalitishia kutuangukia na kila msimu yakaahirisha. Wanaume walikaa kulia, akina mama na wasichana kushoto, watoto chini kabisa, karibu na televisheni kiasi kwamba tuliona vumbi kwenye pua ya mwigizaji. Nimewahi kuandika, katika tasnifu iliyosomwa na watu wachache sana, mmoja wao akiwa mama yangu ambaye hajui Kifaransa, kwamba hadhira ya pembezoni huipokea filamu kwa mwili wake wote. Nilimaanisha kwamba tulitoka jasho.

Amuri alikuwa mwenye ukumbi, fundi wa jenereta na mfasiri wa filamu, yote kwa pamoja. Filamu zilikuwa za Kihindi na yeye hakujua Kihindi, jambo ambalo halikumzuia hata siku moja. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, akatueleza kila neno lililosemwa na mengine mengi ambayo hayakusemwa. Na alikuwa na desturi moja ambayo sijaikuta katika kitabu chochote cha nadharia: kila mtu aliyetokea kwenye picha alipewa jina la mtu wa mji wetu. Jambazi alipata jina la yeyote aliyemuudhi Amuri juma hilo. Mama mkwe mkorofi aliitwa kwa jina la mama mkwe anayejulikana, naye akiwa amekaa pale pale benchi la kushoto, akicheka kwa meno ya mbele tu. Ukimuuliza sababu, Amuri alijibu kwa swali: "Mutu asiye na jina tutamulilia namna gani?"

Filamu za Kihindi zilikuwa ndefu, kila moja ilijaza kaseti mbili. Amuri alikuwa na mdogo wake mwenye ukumbi kama huo kule Kabambare, na ndugu hao wawili walimiliki jozi moja tu ya kila filamu. Wakagawana kwa akili: Kasongo wakitazama kaseti ya kwanza, Kabambare walikuwa wakitazama ya pili, kisha pikipiki ilizibadilisha. Kwa hiyo watu wa Kabambare mara nyingi waliona mwisho kabla ya mwanzo, na hawakulalamika. Walisema hata ndoa za wazazi wetu sisi tulizikuta katikati.

Filamu ninayotaka kuieleza ilihusu nchi moja iliyokatwa vipande viwili. Jina lake sikuwahi kulijua, kibandiko kilikuwa kimeliwa na mende. Kulikuwa na wanaume wenye suti wameinamia ramani, kisha kalamu, kisha kelele. Majirani waliokula sahani moja wakaanza kuitana wageni. Kulikuwa na treni iliyojaa watu mpaka juu ya paa, na mwanamke kijana mwenye sari ya manjano aliyebaki upande huu wa mto, mume wake akiwa upande wa pili. Kaseti ya kwanza iliishia darajani. Askari wawili wamepitisha bunduki mbele yake kama kizuizi, naye amenyanyua mguu mmoja. Mguu ukiwa bado hewani, picha ikageuka chenga. Ya pili ilikuwa Kabambare, na pikipiki ilikuwa iilete Ijumaa. Kabla ya Ijumaa vita vikafunga barabara.

Sisi hatukupewa hata heshima ya kalamu. Hakuna aliyeinamia ramani kwa ajili yetu. Siku moja tu ilijulikana kwamba askari wameshika mji, vijana wenye silaha wameshika pori na Kabambare yote, na katikati pana mahali ambapo mtu akitoka huku ni mpelelezi kule, na akitoka kule ni mpelelezi huku. Kasongo tukabaki na mchele usio na mawese, wao wakabaki na mawese yasiyo na chumvi. Wageni wenye huruma hupenda kutuambia kwamba wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Ni kweli, lakini naona hawajawahi kupita katika nyasi za Maniema bila suruali ndefu. Nyasi zetu zinakata.

Sasa nimtaje Shangazi Mwamini, dada mdogo wa baba yangu, maana bila yeye haya yangekuwa mambo ya kaseti tu. Alikuwa ameolewa Kabambare na Salumu, fundi wa baiskeli, mtu mpole mwenye masikio makubwa yaliyosimama kama vipini vya sufuria. Kwetu mwanamke huja kumzaa mtoto wake wa kwanza kwa mama yake, na Salumu alimleta mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, akalala usiku mmoja, akarudi kwenye kazi yake, akaahidi kuja mtoto akishazaliwa. Barabara ilifungwa kabla. Mtoto akazaliwa, wa kiume, akaitwa Idi, na masikio yake yakatuondolea kazi ya kubishana amefanana na nani. Mvua zilipoanza, homa ikamshika. Tulimzika asubuhi, na baba yake, aliye umbali wa safari ya siku chache kwa miguu, hakujua kwamba amezaa wala kwamba amefiwa.

Wapitanjia wa porini walikuwepo, watu waliojua vichochoro, na bibi yangu alitaka kutuma neno kwa mmoja wao. Shangazi akakataa. Neno lilikuwa likipita vinywa vingi mno katika njia ile na kufika limekaa kichwa chini. "Habari ya mutoto wake nitamupa miye, kwa mudomo huu," alisema, akaugusa kwa kidole kama anayeonyesha chombo kisichoazimwa. Watu wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Akawajibu kwamba penye maji yaliyomwagika ndipo lengalenga, mchicha wetu, huota. Alikuwa hodari wa kujibu methali, na hilo ni jambo la hatari katika ukoo unaotawaliwa kwa methali.

Amuri aliendelea kuonyesha kaseti ya kwanza, maana ndiyo aliyokuwa nayo. Na kwa kuwa desturi ni desturi, mwanamke mwenye sari ya manjano akaitwa Mwamini na mume wake akaitwa Salumu. Hakumdhihaki. Aliomba ruhusa, akapewa. Katika tafsiri yake Mwamini wa kwenye picha naye alikuwa amekwenda kwa mama yake kujifungua wakati nchi ilipokatwa. Nilipofika chuo kikuu na kuona filamu nyingi za aina hiyo nilianza kushuku kwamba yule mwanamke hakuwa na mimba hata kidogo. Huenda upepo uliingia ndani ya sari. Lakini sisi tulimwonea uchungu wa kweli, na akina mama walikuwa wakimwambia asiinue vitu vizito.

Kisha askari wakahitaji jenereta, na askari wa siku zile walipohitaji kitu hawakuazima. Sisi tulidhani sinema imekwisha. Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Amuri alifungua mlango kama kawaida, akasimama kando ya televisheni iliyozimika na fimbo yake mkononi, akaanza: "Wale watu wa suti wanainamia ramani." Tukaingia. Tukakaa, wanaume kulia, akina mama kushoto, na sisi watoto chini tukiinua shingo kutazama kioo cheusi ambamo tulijiona wenyewe. Sijahudhuria tamasha la filamu lililonipa zaidi ya hapo, na nimehudhuria kadhaa, zenye vinywaji.

Tena, bila picha, Amuri hakulazimika tena kusimama pale mguu ulipokuwa hewani. Akawa anatunga mwisho, kila siku wa namna yake. Siku moja Mwamini alivuka amejificha ndani ya gunia. Siku nyingine askari mmoja alikuwa ndugu yake wa kunyonya, akamfumbia macho. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Amuri. Hadi alasiri moja ya mvua kubwa, bati likipiga kelele, ukumbi umejaa wapitanjia waliokuja kujikinga, yeye mwenyewe akiwa amechoka, akaachia mto ujae, daraja likakatika, na Mwamini mke wa Salumu akachukuliwa na maji. Benchi la kushoto likaanza kulia. Shangazi akasimama.

"Amuri. Miye nimelelewa Nyangwe, kando ya Lualaba. Naogelea kukushinda."

Watu wakacheka huku wakijifuta machozi. Amuri akainua fimbo yake kujitetea. "Dada, huyu si weye. Huyu ni wa mu kaseti."

"Wa mu kaseti iko na jina la nani?"

"Jina lako."

"Basi mutoe mu maji."

Amuri akamtoa, lakini kesho yake. Hapo ndipo balaa lilipozaliwa. Filamu yenye picha kila mtu anajua ni filamu, kwa kuwa anaiona sari na treni. Iliyosimuliwa bila picha haina alama hiyo. Wale wapitanjia waliokuwa wamejikinga mvua waliondoka alfajiri kwa vichochoro vyao, na walichobeba ni hiki: Mwamini, mke wa Salumu wa Kabambare, yule aliyekwenda kwa mama yake kujifungua, alijaribu kuvuka kurudi kwa mume wake, akachukuliwa na maji, na Kasongo nzima imemlilia. Walikuwa wameona kwa macho yao watu wakilia. Uongo wa Amuri ulifika Kabambare bila pikipiki.

Tulilijua hilo siku Mama Asina alipokuja. Alikuwa muuza mawese wa upande wa porini, mmoja wa wanawake wachache ambao pande zote mbili ziliwaacha wapite kwa sababu pande zote mbili zilipenda mboga yenye mafuta. Aliingia uani kwetu, akamwona Shangazi akipepeta mchele na kutafuna karanga, na dumu lake likamteleza. Mawese yakatambaa mpaka kwenye miguu ya kuku. "Mwamini, wamekusomea hitima," alisema alipoweza kusema. "Nilikula. Sasa wanakusanya mchele wa arobaini." Akaongeza, kwa sauti ya chini ya mtu anayetamani kunyamaza, kwamba wakwe wameshagawana nguo za marehemu, na kwamba baada ya arobaini kuna msichana atatolewa kwa Salumu, kwa kuwa mwanamume hawezi kukaa peke yake na baiskeli.

Amuri aliitwa. Alikuja mbio, akasikia, akakaa chini kwenye yale mawese bila kujali suruali. Alisema angekwenda mwenyewe kusimulia mwisho mwingine. Baba yangu, mtu wa tahadhari kiasi kwamba aliogopa hata maziwa ya unga, alishauri tumtumie Mama Asina arudi na habari sahihi.

"Watamwuliza ameniona wapi," Shangazi akasema. "Atasema uani, akila karanga. Watasema ni muzimu, mizimu inapenda karanga. Kaka, maiti akitaka kuaminiwa lazima aende na miguu yake."

"Na wale wa bariere?" Baba akauliza. Bariere ni kile kijiti kilichowekwa kati ya nchi zetu mbili mpya.

"Wanaua watu walio hai. Miye nimeshakufa. Nipe Zaina."

Zaina ni mimi. Nilikuwa darasa la tano katika shule ambayo ilikuwa imefungwa, mwembamba, mropokaji, na nilitakiwa kwa sababu mwanamke mwenye mtoto haulizwi sana njiani. Mama yangu alilia, bibi akatufungia chumvi kwenye kitambaa, na tukatoka kabla jua halijapanda, tukiiacha barabara kubwa na kuzunguka kwa vichochoro vya upande wa kijiji cha Wamaza. Nakumbuka nyasi zenye umande zilizonichana magoti, mihogo iliyooza shambani kwa kukosa wa kuivuna, vijiji ambavyo milango yake ilikuwa imeondoka na wenyewe. Shangazi alitembea mbele, kitenge kimekazwa, bila kuimba na bila kugeuka. Alikuwa na safari moja kichwani: kufika kabla ya arobaini kuisha, amwambie Salumu kwamba amekuwa na mtoto. Kila nilipolalamika aliniuliza kama nimekufa. Nikisema hapana, alisema basi tembea, mimi nimekufa na natembea.

Kwenye bariere tulikuta vijana wanne na mkubwa wao, kijana aliyevaa koti la mvua la kike lenye vifungo vya maua, bunduki begani. Hakuna aliyethubutu kucheka koti lile.

"Munatoka kwa adui," akasema.

"Natoka kwa mama yangu," akajibu Shangazi.

"Jina?"

"Mwamini, wa Salumu fundi wa baiskeli."

Vijana wakatazamana. "Huyo alishakufa," akasema mwenye koti. "Nilikula wali yake."

"Ilikuwa na chumvi?"

"Hapana."

"Basi haikuwa yangu."

Mmoja akaguna, nusu kicheko. Mwenye koti hakucheka. Alitaka kujua amekufaje na amefufukaje, na Shangazi, aliyekuwa amechoka, akanisukuma mbele. Nikaropoka. Nikasema ni filamu, ni Amuri, ni askari walichukua jenereta, ni yule mwanamke wa daraja mwenye sari ya manjano. Hapo yule kijana akashika mkono wangu. "Sari ya manjano? Iko na bangili moja tu?" Ndiyo, nikasema, ya pili aliivunja kwenye treni. Akaachia mkono wangu polepole. Alikuwa ameitazama kaseti ya pili Kabambare mpaka jenereta ya kule nayo ilipokwisha, akaijua yote kwa moyo, na hakuwahi kujua kwa nini yule mwanamke ana bangili moja, wala kwa nini analia. Kwao hakuitwa Mwamini. Mdogo wa Amuri alimwita Zaituni, jina la mke wa jirani yake, mwanamke aliyekuwa amekwama Kasongo kama Shangazi alivyokwama, ila yeye hakuwa na mtu wa kumsindikiza.

Basi nikawapa mwanzo. Nilisimama kando ya bariere, nikachukua kijiti kuwa fimbo, nikaanza na watu wa suti. Wale vijana walikaa chini kwenye majani kama watoto wa ukumbini. Nilipofika pale mguu uliponyanyuliwa darajani, nikanyamaza, na mwenye koti akasimama kuendelea. Askari hawakumpisha, akasema. Mwanamke akageuka, akaishi upande huu, nywele zikawa nyeupe. Siku moja mume wake, mzee sasa, anakuja upande wa pili wa waya wa mpaka, wanatazamana, mlinzi anapiga filimbi, kila mtu anarudi kwake.

"Mwisho njo huu?" akauliza Shangazi.

"Njo mwisho, Mama."

"Aliyeitunga ni mwoga."

Kijana yule akawaambia wenzake wainue kijiti. Chumvi yetu ilibaki kwao. Sinema ni sinema na chumvi ni chumvi.

Tuliingia Kabambare siku yenyewe ya arobaini, adhuhuri imekwisha, masufuria yameshushwa, wanaume wakisoma barazani na akina mama mikekani uani. Salumu alikuwa ameegemea ukuta, amekonda, masikio yamezidi kuwa makubwa. Wa kwanza kutuona alikuwa wifi mmoja aliyevaa kitenge cha Shangazi mwenyewe. Alipiga yowe akaupita ua wa mianzi bila kutumia mlango. Wanawake wengine wakamfuata. Mama mkwe ndiye aliyebaki, akajifunika uso kwa mtandio na kuuliza ndani yake:

"Uko mutu ao muzimu?"

"Niko njaa, Mama."

Shangazi akavua viatu, akakaa mkekani, akajipakulia wali wa arobaini yake, akala. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, mbele ya macho ya mtaa mzima uliokuwa ukichungulia juu ya ua, mpaka kila mtu akaridhika kwamba mizimu haitafuni hivyo. Nami nilikula, maana hakuna aliyenikataza. Wali haukuwa na chumvi.

Salumu alikuwa amesimama mlangoni. Alishika mwimo. Sheikh, mzee wa busara aliyeona kwamba shughuli imepoteza mwenyewe, akawaashiria wasomaji wafunge misahafu.

"Musifunge, Sheikh," Shangazi akasema, akinawa mkono. "Iko mutu wa kusomea." Kisha akamgeukia mume wake, akampa habari aliyoibeba kwa mdomo ule: ulizaa mtoto, mwanamume, tulimwita Idi, homa ilimchukua mvua zilipoanza, tumemlaza karibu na kaburi la baba yangu.

Sheikh akakohoa, akasema kwa upole kwamba mtoto mchanga hana dhambi, hahitaji hitima.

"Najua hana zambi, Sheikh. Lakini iko na baba ambaye hajamulilia."

Mzee akatazama chini, akaufungua msahafu. Salumu alikaa pale pale kizingitini. "Alifanana na nani?" akauliza. Shangazi akanyoosha mikono yote miwili, akamshika masikio. Wakasoma mpaka alasiri.

Nimesikia wasomi wenzangu wakizungumza kuhusu gharama ya kibinadamu ya mipaka, nami nimezungumza hivyo, kwa sauti ya mtu anayelipwa posho. Gharama ninayoijua mimi ni hiyo: masikio ya mtoto ambayo baba alilazimika kuonyeshwa kwa kushikwa yake mwenyewe. Lakini mtu akitaka niishie hapo, kwa huzuni, nasema sikubali. Siku iliyofuata Shangazi alizunguka nyumba za wakwe zake, moja baada ya nyingine, akavikusanya vitenge vyake, viwili akivivua kwenye miili ya watu. Yule msichana aliyekuwa atolewe kwa Salumu alimsaidia kubeba. Mama mkwe hakuamini kabisa: mpaka anakufa, miaka mingi baadaye, alimwita mkwe wake "marehemu", akamtuma maji kama marehemu, akamsifu mboga zake kama marehemu, na Shangazi akaitika. Tuligawanywa, naam. Kugawanyika hatukugawanyika.

Siku hizi kila mtu Kasongo ana filamu mfukoni. Hakuna anayengoja pikipiki, na kaseti zote zimefika nzima, mwanzo na mwisho, kwenye simu. Amuri ni mzee, anauza vocha za simu kwenye kibanda pale ulipokuwa ukumbi, na vijana wanaopita hawajui kwamba mtu huyu aliwahi kumzamisha mwanamke na kulazimishwa kumtoa. Na watu wa suti wameinamia ramani tena. Nasikia katika mikutano, na kwenye redio, sauti zilizosoma zikijadili kama nchi yetu si kubwa mno, kama upande wetu wa mashariki usingetulia vizuri zaidi ukiwa kipande cha peke yake. Wanasema kwa utulivu, kama wanaopunguza suruali.

Mwaka jana nilikwenda Kabambare kumsalimia Shangazi, nikiwa na kompyuta na filamu moja ya kugawanywa kwa nchi, nzuri, iliyosafishwa, yenye maandishi ya Kifaransa chini. Majirani wakaja, tukaziba dirisha kwa gunia. Mimi, mwenye shahada mbili, nilifasiri kwa uaminifu, nikiacha nisichokijua. Baada ya muda nikasikia watu wakihama mkao. "Huyu mwanamuke ni nani?" akauliza Shangazi. Nikataja jina la Kihindi. "Sikuuliza hiyo," akasema. "Mutu asiye na jina tutamulilia namna gani?" Salumu, mwenye mvi sasa, akacheka peke yake kwenye kona. Nikampa mwanamke jina la jirani aliyekuwa mbele yangu, na ukumbi ukatulia. Alipotokea mtoto mdogo kwenye picha, akiwa amebebwa juu ya umati, nilimwangalia Shangazi kabla ya kusema. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwita Idi.

Filamu hiyo nayo iliishia kwenye waya. Wanatazamana, lango linafungwa, giza. Nikafasiri neno la mwisho kama lilivyoandikwa: hawakuonana tena.

"Nani anasema?" Shangazi akauliza.

"Aliyetengeneza filamu."

"Alipita Wamaza?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi hajui. Endelea weye."

Majina ya waliotengeneza filamu yalikuwa yakipanda kwenye kioo, meupe, madogo, hakuna aliyeyasoma. Nikasimama kando ya kompyuta. Nikatafuta kitu cha kushika, nikapata mwiko. Nikaendelea pale mwenzangu aliyetengeneza filamu alipoogopa: yule mwanamke akavua viatu, akavishika mkononi, akaushusha ule mguu uliokuwa hewani, ng'ambo.